Fumbo la mkweli na mwongo: jedwali linabakiza mistari 3

Swali: Wakuu, mkweli husema kweli daima, mwongo uongo daima. Juma kasema: "Mimi ni mwongo au Asha ni mkweli." Nimeandika J → (¬J ∨ A), yaani J ni "Juma ni mkweli", A ni "Asha ni mkweli", → ni "ikiwa... basi", ¬ ni "si", ∨ ni "au". Kwenye jedwali la ukweli (kila mstari ni mchanganyiko mmoja wa kweli/uongo wa J na A), imebaki mistari 3 kati ya 4. Nakosea wapi?

Jibu: Mshale, mkuu. Huo wa upande mmoja haumzuii mwongo kusema kweli. Weka J ↔ (¬J ∨ A); ↔ ni "ikiwa, na ikiwa tu", pande zote mbili ziwe kweli pamoja au uongo pamoja. J ikiwa uongo, ¬J ni kweli, kauli nzima inakuwa kweli: mgongano. Basi J ni kweli, na A lazima iwe kweli.

Jibu: Na "au" hapo ni jumuishi: ni kweli hata sehemu zote mbili zikiwa kweli. Ukiisoma "kimojawapo tu", inabaki mistari 2: Asha bado mkweli, Juma habainiki.

Muulizaji: Nimeweka ↔ na "au" jumuishi, umebaki mstari 1. Shukrani.