Njugu mawe Tabora: nitajuaje kama zinalipa kabla sijatoa ekari?

mkulima_sikonge
Wakuu habari za jioni. Niko Sikonge, nalima tumbaku ekari tatu na mahindi ya kula. Mama kila msimu anapanda njugu mawe nyuma ya nyumba, mbegu alipewa na bibi, zimechanganyika nyeupe, nyekundu na za madoadoa. Kuna mwaka mvua ilikata mwezi wa pili, mahindi yetu yote yakaungua lakini zile njugu tukavuna kama kawaida, na hakuna aliyezitia mbolea hata kijiko. Toka hapo nawaza kuzipa ekari nzima. Shida kila ninayemuuliza ananijibu hilo zao la akina mama, halina hela, ila nikiuliza ekari inatoa kilo ngapi hakuna mwenye jibu. Sasa mnipe njia, nipimeje mwenyewe? Sitaki kuingia kichwa kichwa, nina watoto wanasoma.

bwanashamba_mstaafu
Mwanangu, ekari iache kwanza. Msimu huu kata vipande vitatu vya mita 10 kwa 10, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja bondeni, na usichanganye rangi, kila rangi mistari yake maana hizo ni mbegu tofauti hata kama mama anaziita jina moja. Ukivuna anika mpaka zikauke kabisa, bangua, pima mavuno ya kila kipande kwa mzani peke yake, zidisha mara 40, hapo unapata makadirio ya ekari. Pembeni weka kipande cha mahindi ukubwa huohuo bila mbolea, usije ukalinganisha njugu zisizotiwa kitu na mahindi yaliyoshiba mbolea.

Halafu daftari. Andika siku za kupalilia, kupandishia udongo, kung'oa, na hasa kubangua, maana ganda likikauka ni gumu na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Mtu akikwambia zao halilipi muulize kama alihesabu siku.

Kingine cha kwetu huku, shamba lililotoka tumbaku lichunguze kwanza. Ng'oa visiki vya tumbaku uangalie mizizi, ukiona vinundu vimejaa ni minyoo fundo na hiyo inakula njugu mawe pia, hasa udongo wetu wa kichanga. Usichanganye na vile vinundu vidogo vya njugu zenyewe vinavyoshika naitrojeni, hivyo vinabanduka kwa kidole. Vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, havibanduki.

mama_sokoni_tbr
Mdogo wangu mimi nauza hapa Tabora mjini, nikwambie ukweli wa sokoni. Zikiwa mbichi, zimechemshwa na maganda yake na chumvi, hazilali, beseni linaisha jua halijazama. Kavu ndio kasheshe, na sio kwamba watu hawazipendi, ni mkaa! Mtu anapiga hesabu ya kuchemsha nusu siku anachukua maharage anaondoka. Kwa hiyo kwenye hilo daftari ongeza sufuria: loweka kila rangi usiku kucha, mwaga maji, bandika kwa moto uleule na uandike ipi imeiva kwanza. Iliyowahi kuiva ndio uniletee, hata kama imezaa pungufu kidogo. Na usiziweke stoo mwaka mzima ndio uzilete, zikikaa zinazidi ugumu na bungua anakuwa ameshatoboa.

muha_wa_kasulu
Mama kaongea point. Naongezea la huku Kigoma, michikichi tulikuwa nayo toka enzi za mababu na watu wakaiona mti wa kujiotea tu, mafuta kidogo, kokwa nene. Kampeni ya serikali ilipoanza 2018 na TARI Kihinga, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ikashika utafiti wa chikichi, kilichobadilika kikubwa ni mbegu, ile tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi kwa hiyo mafuta ni mengi kuliko dura yetu ya zamani. Mti ni uleule, udongo uleule. Naamini njugu mawe nazo zinasubiri mtu wa kuchagua mbegu kwa makusudi, maana kwa lishe zipo vizuri sana, protini karibu asilimia 19 na wanga wa kushibisha juu yake, unapata vyote viwili kwenye punje moja. Nenda na hizo rangi zako TARI Tumbi, ipo hapohapo Tabora, waambie unataka kuzipima.

mkulima_sikonge
Shikamoo mzee, na asante sana mama na kaka wa Kasulu. Nimemsomea mama majibu yote, akacheka, akasema za madoadoa bibi alikuwa anazitenga chungu chake kwa sababu ndizo alizopikia mwezi wa njaa, kuni zikiwa chache. Miaka yote sijawahi kumuuliza. Saa hizi tumekaa na ungo tunazichambua, za madoadoa zimefika kama kilo mbili. Mama wa sokoni, nikivuna nakuletea hizo kwanza.