Tupeane uzoefu: basi la abiria vijijini, Lushoto na milima inayofanana nayo

Mwanzisha mada
Wakuu, aliyewahi kushika usukani, ukonda, gereji au umiliki wa basi la kijijini aweke anachokijua. Simulizi za safari tuziache, tunataka vipimo na sababu. Mfano wetu uwe Lushoto: Mombo hadi mjini ni lami, kilomita 33 hivi za kona tupu, halafu huko juu kuelekea Mtae kuna vumbi na utelezi.

Gia Mbili
Naanza na breki. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na uichague kabla mteremko haujaanza. Gari likishakolea, gia ndogo haiingii, unabaki na fri (gari halina gia) mkononi na abiria 28 nyuma. Kanyaga kwa nguvu muda mfupi, toa mwendo wa 40 mpaka 30 kwa saa, achia kabisa zipoe, kisha rudia. Anayekanyaga kidogokidogo bila kuachia anazichemsha ngoma za breki: lining (vitambaa vinavyoikaba ngoma) zinateleza, na mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, pedali inakwenda mpaka sakafuni. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza unyevu hushuka hadi karibu 140. Ndiyo maana hubadilishwa hata kama kikopo chake kimejaa. Na utingo asimwagie maji ngoma yenye moto, itapasuka.

Fundi wa Chini
Amemaliza huyo. Mimi naongeza tairi pacha za nyuma. Zikitofautiana kimo, moja mpya na moja imelika, ile ndefu inabeba mzigo wote, inapata moto, inapasuka. Watu wanalaumu barabara. Weka pacha za kimo kimoja na upepo mmoja, soma kiwango kwenye kibao cha mlangoni. Kila mwisho wa ruti mulika katikati ya pacha kwa tochi, jiwe likinasa pale linakata mbavu taratibu.

Sipringi: ukibadilisha jani, kaza yubolti (bolti za umbo la U zinazoishika sipringi kwenye ekseli) siku hiyo, kisha zirudie baada ya siku mbili tatu za vumbi maana zinalegea. Yubolti ikilegea, senta bolti inayoshika majani pamoja inakatika, ekseli inasogea nyuma upande mmoja na gari linatembea kishemeji, yaani mshazari.

Bosi Mdogo
Kwa hiyo tuongeze jani moja ili libebe zaidi?

Fundi wa Chini
Hapana, mkuu. Sipringi ikikakamaa, kishindo kinahamia kwenye chesesi (fremu ya gari), ufa unaanzia kwenye hanga, pale sipringi inaposhikizwa. Jani ni rahisi kununua, chesesi iliyochomelewa haiaminiki tena. Punguza mzigo.

Karia
Hapo kwenye mzigo ndipo pana ubishi kila asubuhi. Gunia la viazi likiwa na kilo 100, kumi juu ya karia ya paani ni tani nzima iliyokaa juu ya vichwa vya watu, na kona za Usambara hazisamehi. Viazi na karoti vikae chini, kwenye buti. Juu weka vyepesi: matenga matupu, magodoro, vikapu. Panga kwa kinyume, cha kushuka mwisho kitangulie kupanda. Andika jina la kituo kwenye gunia kwa kalamu nene, la mwenye mzigo halikusaidii saa 11 alfajiri. Kuku wakae nyuma, mbali na bomba la moshi.

Mwenye Ratiba
Basi la kijijini hulala kijijini, halilali mjini. Abiria wako anakwenda hospitali, benki au sokoni na anataka kurudi leo. Toka saa 10 au 11 alfajiri, ondoka mjini saa 7 au 8 mchana. Ukichelewa kutoka, mwenye haraka amepanda bodaboda. Masika ongeza muda, na kalvati likibebwa na maji toa taarifa panapohusika: barabara za wilaya ni za TARURA, za mkoa na kuu ni TANROADS. Wengi wanapeleka lawama ofisi isiyohusika, wiki inapita.

Bosi Mdogo
Hesabu je?

Daftari
Pima mwenyewe: jaza tenki, tembea wiki, jaza tena, gawa kilomita kwa lita. Coaster yenye injini ya 1HZ mlimani weka kilomita 5 kwa lita. Tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, basi kila kilomita inakula 600. Kiwango cha LATRA, mamlaka inayopanga nauli, cha Desemba 2023 kwa mabasi ya mikoani daraja la kawaida kilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Gawanya: abiria 13 wa safari nzima wanalipa mafuta tu, na anayeshukia katikati mhesabu nusu. Tairi, dereva, ushuru wa stendi na bima vinaanza na abiria wa 14. Nauli ya ruti yako tazama iliyoidhinishwa.

Kingine, 1HZ ina mkanda wa taimingi. Kilomita 100,000 badilisha, ukikatika vali zinagonga pistoni. Injini ya 14B ya zamani inatumia gia badala ya mkanda, haina shida hiyo.

Gia Mbili
Na leseni: Coaster ya abiria chini ya 30 ni C1, likifika 30 dereva awe na C. Trafiki wa Mombo wanahesabu viti.