Tupeane uzoefu: pikapu zinazozima silinda, mafuta yanapungua kweli?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye pikapu ambazo injini inazima baadhi ya silinda ukiwa hujaikanyaga sana; kila kampuni ina jina lake la mfumo huo. Silverado za GM (General Motors) zina AFM, na kuanzia za 2019 kuna DFM, toleo jipya zaidi. Ram wana MDS kwenye Hemi ya lita 5.7, F-150 ya V8 lita 5.0 imepata yake 2021, na Ridgeline ina VCM kwenye V6. Maneno ya wauzaji tunayajua, hapa tunataka kilomita kwa lita ulizopata mwenyewe, na useme umepimaje.

Naanza. Silverado V8 ya lita 5.3 yenye AFM, bila mzigo, barabara tambarare, kruzi kwenye kilomita 90 kwa saa: dashibodi inaandika V4 (silinda nne tu kati ya nane zinafanya kazi) muda mwingi na napata karibu kilomita 10 kwa lita. Nikipandisha hadi 120, V4 inatokea kwenye miteremko tu na nashuka hadi 8. Mjini ni 6, na hapo mfumo ni kama haupo. Nimepima kwa pampu, tanki kwa tanki.

Mguu Mwepesi
Mkuu, hiyo 120 ndiyo inayokumaliza. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, kwa hiyo kutoka 90 hadi 120 unakaribia mara 1.8, na pikapu yenyewe ina uso kama ukuta. Silinda nne zitausukuma kwa nguvu ipi?

Mimi nilichomeka kile kifaa cha kwenye soketi ya daiginosisi, chini ya usukani, kinacholazimisha silinda zote nane zifanye kazi. Barabara ileile, pampu ileile. Safari ndefu nilipoteza kama nusu kilomita kwa lita. Mjini sikuona tofauti yoyote. Nimekiacha humohumo, maana ule mngurumo wa V4 kwenye ekzosi ulikuwa unaniumiza kichwa.

Spana Mkononi
Niweke jambo moja sawa, maana wengi wanadhani ukizima silinda nusu, mafuta nayo yanabaki nusu. Hapana. Gari linahitaji nguvu ileile kwenda, sasa zile nne zilizobaki zinabeba kazi ya nane, na kila moja inapewa mafuta mengi zaidi. Faida inatoka kwenye throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. V8 kubwa ikienda polepole throto inakuwa karibu imefungwa, na injini inapoteza nguvu kwa kuvuta hewa kwenye tundu dogo. Zikibaki nne, throto inafunguka zaidi na ile hasara inapungua. Ndiyo maana mwenye mzigo haoni kitu: throto yake ilishafunguka tangu mwanzo, hakuna cha kuokoa.

Kwenye V8 za GM na Ram, solenoidi (vali ndogo ya umeme) inapeleka presha ya oili kwenye tapeti, kile kipande kinachosukuma vali zifunguke, pini inaachia, tapeti inajibonyea yenyewe bila kusukuma vali. Vali za kuingiza na za kutoa zote zinabaki zimefungwa. Hewa iliyonaswa ndani inabanwa na kurudisha, kama pampu ya baiskeli uliyoziba tundu kwa kidole. AFM inazima nne zilezile siku zote, 1, 4, 6 na 7. DFM inaweza kuzima yoyote kati ya nane, kwa mipangilio 17.

Wazo lenyewe ni la zamani. Cadillac walilitoa 1981, V8-6-4, ila kompyuta za wakati ule hazikuliweza.

Dada wa Trela
Kaka Spana umenijibu swali la muda mrefu. Yangu ni Ram 5.7, navuta trela la farasi. Na trela napata 4 na kitu, mfumo uwepo usiwepo. Bila trela, barabara kuu kwa utulivu, 8 na nusu. Na wenye Ram wenzangu, ile taa ya ECO isiwadanganye, inawaka ukiendesha kwa kubana mafuta, si lazima silinda ziwe zimezimwa.

Mzee wa Bodi
Mimi jina la kampuni silitaji. V8, ilianza kugonga tik tik tik asubuhi ikiwa baridi, nikaambiwa ni kawaida. Baadaye silinda moja ikafa kabisa. Kufungua: tapeti ya silinda inayozimwa imekwama, rola yake imekula kamshafti, ule mhimili unaozisukuma tapeti. Bili ile imemeza mafuta yote niliyookoa tangu ninunue gari, na bado nadaiwa. Oili namwaga mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu mfumo wote huu unaendeshwa na oili.

Kipimo cha Pampu
Mnaosoma dashibodi, yangu inanipa kilomita 9.4, pampu inasema 8.8. Kila tanki, na siku zote inajipendelea yenyewe.

Mpya Kwenye Gari
Silverado ya DFM hapa. Kuzima na kuwasha sisikii kabisa. Lakini 90 kwa kruzi sivuki 8 na nusu, nikiwa tupu. Nakosea wapi?

Mwanzisha uzi
Ndugu, umefunga matairi gani? Na umeinua?

Mpya Kwenye Gari
Ya matope, inchi 35. Nimeinua kidogo.

Spana Mkononi
Basi mkuu, hapo DFM muiache ipumzike.