Je, neno "hija" linafaa kwa safari takatifu za dini zote?

Mwalimu wa Tudor ameuliza:

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote wasiosalimiana hivyo.

Ninafundisha historia katika shule moja ya upili hapa Mombasa, na muhula huu nimepewa kazi ya kuandaa, pamoja na wanafunzi wa kidato cha pili, ubao wa maonyesho kuhusu mahali patakatifu panapoendewa na waumini wa dini mbalimbali. Darasa langu ni kama mji wenyewe ulivyo: wamo Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana, wawili wenye asili ya Gujarat, na watoto wa Kidigo na Kigiriama ambao babu zao bado wana usemi katika kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda. Niliandika juu ya ubao "Hija za Dini za Ulimwengu", kisha nikaorodhesha Makka, Yerusalemu, Namugongo ya Uganda, Varanasi ya Wahindu, Bodh Gaya ya Mabudha na Amritsar ya Masingasinga. Wino haujakauka, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono na kusema kwamba hija ni moja tu, nayo ni ya Makka. Wengine wote wanazuru. Mwenzake Mkatoliki akamjibu kwamba mwaka 2025 kanisani kwao waliitwa mahujaji wa matumaini mwaka mzima, wala hakuna aliyewakataza.

Kengele ya mapumziko iliniokoa siku ile, lakini kengele si jibu. Ninachotaka kujua ni hiki: je, neno hija linaweza kuzibeba safari zote hizi bila kumdhulumu mwenye neno wala mwenye safari? Na ikiwa haliwezi, tuandike nini mahali pake?

---

Babu wa Kibokoni amejibu:

Wa alaykumu salaam, Maalim. Mwanafunzi wako wa kwanza ana haki, ila haki yake ni ya sheria, si ya lugha, na ni vizuri mambo haya mawili yasichanganywe.

Kwa lugha, asili ya neno hilo katika Kiarabu ni kukusudia, yaani kuelekea kwenye jambo kubwa kwa nia. Waarabu walikuwa wakiiendea Alkaaba hata kabla ya kuletwa Mtume Muhammad, na Uislamu ulikuja kuitakasa safari hiyo na kuirudisha kwenye msingi wa Nabii Ibrahimu. Hata Kiebrania kina ndugu wa neno hilo, *hag*, ambalo kwao ni sikukuu. Na Torati iliwaamuru Wayahudi wahudhurie mbele ya Mungu mara tatu kwa mwaka, jambo walilolitekeleza Yerusalemu hadi Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70. Kwa hiyo neno ni kongwe na lina ukoo mpana.

Kwa sheria, hata hivyo, hija ni ibada yenye mipaka. Ina siku zake, kuanzia tarehe 8 ya Mfunguo Tatu hadi tarehe 12 au 13; ina mavazi yake ya ihramu; ina tawafu ya mizunguko saba, kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa, kulala Muzdalifa na kupiga mawe Mina. Zaidi ya yote ina kisimamo cha Arafa tarehe 9, kwa sababu Mtume alisema kwamba hija ni Arafa. Mtu anaweza kuizunguka Alkaaba mpaka miguu ivimbe, lakini kisimamo kile kikimpita, basi hija ya mwaka huo imempita. Na ni wajibu mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo, si kwa kila mtu.

Sasa tazama jambo ambalo vijana hulisahau: sisi wenyewe Waislamu hatuiti kila safari takatifu hija. Umra, inayofanywa wakati wowote wa mwaka, tunaiita umra. Kwenda Madina tunakuita ziara, ingawa sijapata kumwona mtu wa Mombasa aliyehiji akarudi bila kumsalimia Mtume. Jirani zetu Mashia wanapokwenda Karbala, Iraki, kwa Arbaini, yaani kumkumbuka Imamu Hussein siku ya 20 ya mwezi wa Safari, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Najaf mwendo wa kilomita 80 hivi, umati wao huuzidi kwa mbali ule wa hija; na bado wao wenyewe husema ziara. Wingi wa watu haugeuzi ziara kuwa hija.

Marehemu mama alipojaliwa kwenda, alianza safari yake hapa hapa mtaani. Alilipa madeni, akaandika wasia, akapita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, pamoja na nyumba ya mwanamke mmoja ambaye walikuwa hawasemezani tangu mimi nikiwa mdogo. Nikisikia mtu analitumia neno hija kwa matembezi ya wiki moja yenye picha nyingi, ndipo moyo wangu unapokataa. Kwa Mkristo anayefunga safari kwa nia ya ibada, sioni cha kugombania.

Halafu, kama una nafasi kwenye ubao wako, mwongeze Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325, umri wake miaka 21, nia yake ikiwa ni kwenda kuhiji. Nia ilitimia, lakini miguu haikutulia, na mwaka 1331 akafika hapa kisiwani kwetu. Alisifu ucha Mungu wa watu na uimara wa misikiti yao ya mbao, akalala usiku mmoja, akaendelea na safari ya Kilwa.

---

Dada wa Changamwe amejibu:

Shikamoo Mzee, na asante kwa maelezo hayo, hasa ya mama yako. Mwalimu, mimi ni Mkatoliki na ningependa kumsaidia yule mwanafunzi wetu, ambaye naye hakukosea.

Kwetu neno hija limekwisha kuwa la kawaida, na sidhani tulilichukua kwa kiburi. Kilatini kina neno *peregrinus*, ambalo maana yake ya kwanza ni mgeni, mtu aliye mbali na kwao. Wahubiri waliotufundisha kwa Kiswahili walihitaji neno ambalo msikilizaji atalielewa papo hapo, na watu wa pwani walikuwa nalo tayari. Lakini tofauti aliyoitaja Mzee ni ya kweli: kwetu safari hiyo si wajibu. Mkristo anaweza kufa mzee bila kwenda popote na asihesabiwe kuwa ameacha amri. Martin Luther alizishutumu safari hizo waziwazi, na ndiyo maana utaona Waprotestanti wengi hawazitilii mkazo. Sheria ya Kanisa letu huelezea kituo cha hija kama mahali ambapo waumini wengi huenda kwa ibada ya pekee, kwa idhini ya askofu wa mahali hapo. Yaani mara nyingi watu hutangulia, na idhini hufuata nyuma yao. Ndivyo ilivyokuwa Lourdes, Ufaransa, ambako msichana Bernadette Soubirous alisema amemwona Bikira Maria mwaka 1858. Umati ulifika pangoni muda mrefu kabla ya askofu kutoa tamko lake.

Namugongo ningeomba usiipe mstari mmoja tu. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale. Mashahidi Wakatoliki ni 22, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana wanawahesabu 23 wa kwao. Kila upande una eneo lake la ibada pale pale Namugongo. Baadhi ya waumini wa magharibi ya Kenya huvuka mpaka kwa miguu, siku baada ya siku. Sisi wa Mombasa tulikwenda kwa basi, nami nakiri kwamba tulipowapita njiani watu wa rika la bibi yangu wakitembea na fimbo, wimbo uliokuwa ukiimbwa ndani ya basi ulififia wenyewe.

Kuhusu Yerusalemu, usisahau kuwaambia wanafunzi kwamba funguo za Kanisa la Kaburi Takatifu zimetunzwa kwa karne nyingi na familia za Kiislamu. Wabishi wa darasa lako watapata la kufikiria.

---

Mjukuu wa Langoni amejibu:

Mwalimu, naanza na malalamiko madogo. Ubao wako una mahali pa Wahindu, Mabudha na Masingasinga, lakini hauna mahali pa Wajaini, ilhali hekalu letu la marumaru nyeupe liko hapa hapa mjini na huenda wanafunzi wako hulipita wakienda sokoni. Si kila Mhindi ni Mhindu. Herufi moja ya mwisho inabeba mambo mengi.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Sisi na Wahindu tuna neno moja la kale la Kisanskriti kwa mahali pa namna hii: *tirtha*. Maana yake ni kivuko, mahali ambapo mto unapitika. Wale walimu wetu wakuu 24 tunawaita *Tirthankara*, yaani watengenezaji wa kivuko, kwa kuwa waliwaonyesha watu namna ya kuvuka mkondo wa kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena. Bibi yangu, ambaye hakusoma Kisanskriti hata siku moja, alinieleza jambo hilo tukiwa ndani ya feri ya Likoni, akinionyesha ng'ambo kwa kidole. Kwa hiyo mahali patakatifu kwetu si mwisho wa safari. Ni pale penye kina kidogo, ambapo mtu anaweza kujaribu kupita.

Neno hilo likieleweka, mengine yanafunguka yenyewe. Utaelewa kwa nini Wahindu wengi hutamani kufia Varanasi, kando ya Ganga, wakiamini kwamba hapo mtu hukombolewa na mzunguko wa kuzaliwa upya. Utaelewa pia kwa nini mkusanyiko wa Wahindu uitwao Kumbh Mela, wenye mamilioni ya watu, hufanyika kando ya mito mitakatifu katika miji minne kwa zamu, na kwa nini ule wa Prayagraj, ambako Ganga na Yamuna hukutana, huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote.

Sisi Wajaini tuna mlima wa Shatrunjaya, huko Palitana katika Gujarat. Una ngazi zaidi ya 3,000 na mamia ya mahekalu kileleni. Wazee wasioweza kupanda hubebwa kwenye machela. Jioni kila mtu hushuka, kwa kuwa hakuna binadamu anayeruhusiwa kulala juu, na chakula hakiliwi huko. Katika miezi minne ya mvua waumini hawapandi kabisa, maana msimu huo wadudu wadogo hujaa njiani, na haifai mtu kutafuta thawabu kwa miguu inayoua. Sijui kama neno hija linaweza kueleza safari ambayo sehemu mojawapo ya utakatifu wake ni kutokwenda.

---

Dereva wa Masafa amejibu:

Mimi si msomi wa dini, lakini naomba kuuliza jambo. Barabara ya kwenda Nairobi ina hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926, na mtu wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo na hata mahali pa kulala. Nimekula pale mara nyingi. Wako Masingasinga wanaotoka ng'ambo kuja kusali Makindu, na tuko sisi tunaoingia kwa sababu ya njaa, na wote tunakaa chini na kula chakula kimoja. Wao wamehiji na mimi nimepumzika tu, au vipi?

---

Mwana wa Kinondo amejibu:

Ndugu Dereva, Masingasinga wenyewe wangekujibu kwa upole, kwa sababu Guru Nanak alifundisha kwamba kuoga katika mito mitakatifu hakumsafishi mtu ambaye moyo wake haujasafika, na kwao kumlisha mpita njia ni ibada kamili.

Mwalimu, mimi ni Mdigo, na nataka kuzungumzia kitu ambacho umekitaja katika swali lako lakini hukukiweka kwenye ubao. Umesema watoto wa darasa lako wana babu wenye usemi katika kaya, kisha ukaandika Varanasi na Amritsar, na kaya ukaiacha nje. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mtoto wa Kinondo asiione nyumba yake katika maonyesho ya shule ya Mombasa? Hilo ni kosa la kurekebisha leo, si muhula ujao.

Lakini ukiiongeza, tafadhali usiiandike chini ya neno hija. Wote waliotangulia wameeleza mwendo wa kutoka nyumbani kwenda mbali. Kwetu sisi kaya *ndiyo* nyumbani. Wazee wanasimulia kwamba tulitoka Singwaya, tukajenga ndani ya misitu hii, tukazika fingo, yaani kago la ulinzi, ili liilinde jamii. Baadaye watu wakahamia nje, makaburi na fingo vikabaki. Anayeingia kaya kwa ajili ya kuomba mvua au kutuliza balaa hajafunga safari kwenda kwa wengine. Amerudi kwa wenyewe. Na tofauti ya pili ni kwamba hatumwaliki kila mtu. Kaya Kinondo hupokea wageni, lakini mgeni hufungwa kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, na ziko sehemu asizozifikia. Kaya nyingine hazina mlango wa mgeni hata mmoja. Makka haingiwi na asiye Mwislamu, na watu wote wanaielewa amri hiyo. Naomba mzee wa kaya akisema hapana, naye aeleweke vivyo hivyo.

---

Mwalimu wa Tudor amejibu:

Nawashukuru nyote, na ndugu wa Kinondo nakuomba radhi bila kujitetea.

Nimeamua kuufuta ule mstari wa juu. Badala ya kutafuta neno moja la kufunika wote, kila kundi la wanafunzi litaandika neno la wenyewe kwanza, kisha maana yake kwa Kiswahili, kisha ndipo mahali: hija, umra na ziara kama Mzee alivyozitenganisha, *peregrinus* pamoja na Namugongo, huku tukieleza kwamba Wakristo wa Kiswahili nao husema hija, *tirtha* pamoja na Palitana na Varanasi, na kaya, ambayo itaandikwa na wale watoto wa Kidigo na Kigiriama baada ya kuwauliza wazee wao lipi linaruhusiwa kusemwa. Makindu nitaiweka karibu na mlango.

Mjukuu wa Langoni, jambo moja dogo limebaki. Hilo neno lenu tuliandike hivyo hivyo, *tirtha*, au tuliongezee irabu katikati ili wanafunzi waweze kulitamka?

---

Mjukuu wa Langoni amejibu:

Liandike hivyo hivyo, Mwalimu, na chini yake uandike "kivuko" kwa herufi kubwa. Wale wanaotoka Likoni kila asubuhi wape kazi ya kuchora picha.