Uliwahi kutumwa dukani enzi hizo? Tupeane uzoefu hapa

Kandambili (mtoa mada)
Wakuu habari za Jumapili. Leo nimemtuma kijana wangu wa darasa la nne chumvi. Duka lipo hapo hapo nje ya geti. Ananiuliza, "Baba, kwa nini usimpigie Mangi simu alete?" Nikabaki namwangalia tu.

Sisi tulitemewa mate, jamani. Bi mkubwa anakuita, anakuwekea hela kiganjani, anakufumba vidole kimoja kimoja, halafu anatema mate pale mchangani mbele ya mlango: "Hayo yasikauke hujarudi!" Na hiyo ni Dodoma, kiangazi, jua la saa nane. Mate yanakauka hata hujaupita mbuyu wa kwanza. Na njiani wenzako wanacheza gololi, wanakuita kwa jina.

Nani mwingine alipitia haya? Tiririka.

Mama Wawili
Hahahaaa mate tena! Kwetu kulikuwa na tetea mmoja anaparuaparua pale mlangoni, ukirudi hakuna mate wala dalili yake. Nimeshinda kesi nyingi kwa ajili ya yule kuku. Siku alipochinjwa nilikataa kula.

Fundi Baiskeli
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi mbio nilikuwa nazo, tatizo lilikuwa kichwa. Natumwa sukari robo, chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Basi njia nzima naimba: sukari robo, chumvi, kiberiti, mafuta ya taa. Nikijikwaa tu, wimbo wote umekatika. Nasimama katikati ya njia nalia. Wapita njia wananiuliza nani kanipiga.

Siku moja nilirudi na majani ya chai na wembe. Wembe! Mpaka leo sijui niliutoa wapi kichwani.

bintiMakadara
Kwetu Mombasa hayo ya mate hatukuwa nayo. Sisi twatumwa boflo alfajiri, linatoka motoni sasa hivi, na mimi nina njaa tangu jana usiku. Nalitoboa kwa chini kwa kidole, nachomoa nyama ya ndani kidogo kidogo, juu halionyeshi kitu. Nikifika nyumbani nabeba ganda. Mamangu siku moja alilishika likabonyea lote mkononi, akaniuliza, "Huu mkate umekufa lini?"

Tajiri wa Sumni
Enzi zetu ukipewa sumni ile yenye mbuni unarudi na chenji na pipi juu.

Fundi Baiskeli
@Tajiri wa Sumni jina lako linakudanganya. Mbuni yupo kwenye senti 20. Sumni, yaani senti 50, ina sungura. Shilingi ndiyo ina mkono umeshika mwenge.

Tajiri wa Sumni
Nimezitumia hizo hela, mkuu, usinifundishe.

Fundi Baiskeli
Mimi ninazo kwenye kopo hapa, nikupigie picha?

Mzee Kijana
Nyie mnaongelea boflo na sungura. Mimi nilitumwa sukari mwaka 1983, na aliyekuwepo anajua huo mwaka ulikuwaje.

Kwa vijana: vita na Idi Amin viliisha 1979, tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18. Mkanda ukafungwa, mwenye kuufungua hakuonekana. Sukari, sabuni, khanga, vyote kwa mgao. Gari likionekana linaelekea dukani, watu wanapanga mawe kushika nafasi, jiwe lako ndiyo wewe. Halafu kulikuwa na mlango wa nyuma. Fulani anayo, lakini huendi mchana na huendi mtu mzima, utaonekana. Anatumwa mtoto.

Mama alikuwa amejifungua, hajatoka arobaini, na uji wa mzazi bila sukari ulikuwa unamshinda. Jioni akaniita chumbani. Noti akaikunja ikawa ndogo kabisa, akaipenyeza kwenye upindo wa kaptula yangu. Akanishika sikio, si kwa kunivuta, kwa kunikazia maneno: "Zunguka nyuma. Sema umetumwa na mimi. Ole wako utamke sukari. Sema umefuata mzigo."

Nikaenda. Nikagonga mlango wa uani mara tatu kama nilivyoelekezwa.

Aliyefungua ni askari.

Nikavutwa ndani na ukosi wa shati. Sebule nzima mgambo. Magunia yametolewa uvunguni yamepangwa katikati, mwenye duka amekaa chini sakafuni, mikono kichwani, mke wake analia kwenye kona. Ule ndio wakati wa msako wa wahujumu uchumi, Sokoine Waziri Mkuu, watu wanamwaga mali mtoni usiku wasikutwe nayo. Mkubwa wao akaniinamia: "Wewe mtoto umefuata nini hapa?"

Nikajibu kwa sauti, nimenyooka kama niko mstarini shuleni: "Shikamoo! Nimefuata mzigo!"

Nitaendelea, nimepata mgeni.

Mama Wawili
MZIGO! Jamani mtoto kajipeleka mwenyewe! 😂😂

Kandambili
Mzee hiyo siyo haki. Mgeni gani huyo Jumapili saa hizi? Mpe chai aende.

Mlinzi wa Zamu
Mimi naona wale walanguzi walistahili. Watu wanapanga foleni na watoto mgongoni, yeye amelalia magunia. Leo tungepata msako mmoja tu wa vile, bei zingeshuka wiki hiyo hiyo.

Ganda la Muwa
@Mlinzi wa Zamu, baba yangu alichukuliwa 1983. Alikutwa na sabuni alizonunua kwa ajili ya harusi ya shangazi. Si gunia, katoni. Alirudi hana duka na hana afya. Ukitaka kusema "walistahili" sema ukijua kuna watoto wao humu.

Mlinzi wa Zamu
Pole ndugu. Sikumsema mzee wako. Lakini wapo waliokuwa wanaficha kweli, na sisi wengine tulikuwa tunaogea majani ya mpapai.

Ganda la Muwa
Wapo, sijakataa. Wale wakubwa ndio waliopata habari mapema.

Kandambili
Wakuu turudi dukani tafadhali. Nani alikula unga wa Yanga?

Fundi Baiskeli
Ule wa njano wa msaada? Ugali wake mtu wa Simba ulikuwa unamkaba kooni kabla hajaumeza.

Mama Wawili
Baba yangu Simba damu. Alikuwa anakula gizani.

Sijui Lini
Mimi kwetu hela haikuwepo. Nilikuwa natumwa na daftari. "Mwambie aandike, baba atalipa mwisho wa mwezi." Naye amebandika karatasi ukutani pale juu ya mizani: KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. Najua kusoma, ndio tatizo. Nasubiri wateja wote waondoke ndipo nisogee, ananiuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nyumba yenu mwisho wa mwezi ni tarehe ngapi?" Lakini anaandika. Akimaliza ananipa na kipande cha sukari guru.

Nilikuwa namlaumu mama kwamba ni mvivu wa kutembea. Siku hizi na mimi nina watoto ndipo nimeelewa. Mtu mzima angenyimwa.

bintiMakadara
Haya ni kweli tupu. 🙏

Ganda la Muwa
Na upande wa pili wa meza ni hivyo hivyo. Mzee wangu alikuwa akimwona mtoto na daftari anasema, "Wamenipiga bao." Anatoa.

Mama Mchungaji
Nasoma hapa na uchungu. Mtoto wa miaka saba usiku, na chupa ya mafuta ya taa, peke yake, mnaita kumbukumbu nzuri? Huo ni unyanyasaji. Mimi wangu hatumwi kokote.

Tajiri wa Sumni
Ndiyo maana wako hajui bei ya kiberiti.

Mama Mchungaji
Wangu yuko hai, bei atajifunza.

Mama Wawili
Mimi natuma ila wawili wawili, na mwisho saa kumi na mbili jioni. Wa kike simtumi dukani kwa yule anayeita wateja "mchumba", hata akiwa na bei ya chini.

Fundi Baiskeli
Ushauri wangu: mwandikie kwenye karatasi.
Ushauri wangu wa pili: usimwandikie, ataipoteza karatasi na kichwa hakitakuwa na kitu.

Kandambili
Mkuu chagua kimoja.

Fundi Baiskeli
Mtaani kwangu nimechagua kwenda mwenyewe. Nakutana na watu.

Chupa ya Soda
Mafuta ya taa yametajwa mara ngapi humu na hakuna aliyesema ukweli. Chupa tulikuwa tunaziba kwa gunzi la hindi. Nikaweka chupa kwenye kikapu pamoja na unga wa ngano, ni usiku wa kuamkia Idi, nikakimbia. Gunzi likachomoka. Mama hakuona, taa ni koroboi moja na yuko haraka. Asubuhi chapati zikapelekwa kwa majirani, sahani kwa sahani, zimefunikwa vitambaa.

Kwa heshima ya Idi hakuna aliyesema neno. Sahani zilirudi zimeoshwa na shukrani juu. Shehe mmoja tu, mtu mzima, alipita baadaye akasema, "Mama, mwakani punguza mafuta."

bintiMakadara
Wallahi nimemwaga chai!!! 😂😂😂

Mama Mchungaji
Hii nimecheka, siwezi kukataa.

Mzee Kijana
Mgeni ameondoka. Naendelea.

Basi nimesema mzigo. Sebule kimya. Yule mkubwa akamgeukia mwenye duka: "Mzigo gani huu anaoufuata?" Mimi nimeshaanza kujikojolea, na noti iko kwenye upindo inanichoma kiunoni. Nikijua wakinipekua wakaiona, wataniuliza ya nini, na mama ataletwa pale na kichanga.

Yule mtu, mikono bado ipo kichwani, akasema, "Afande, huyo ni mtoto wa jirani. Mama yake amezaa juzi. Nilimwahidi mzigo wa kuni."

Askari akatoka uani na tochi. Kweli kuna kuni, zimefungwa, zimeegemezwa ukutani. Akarudi akaniambia, "Beba upesi uondoke, na usirudi." Nikatwishwa ule mzigo kichwani, mzito kuliko mimi. Nikatembea mpaka nyumbani nikihesabu hatua, sikugeuka nyuma.

Mama ananiona naingia na kuni. "Sukari iko wapi?" Namwambia, "Nimepewa mzigo." Nilipomweleza yote alishika mdomo, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kichanga kikaamka. Uji akanywa wa chumvi. Noti tuliichomoa kwenye upindo, imelowa, na mnajua imelowa nini.

Mama Wawili
Jamani huyo baba wa duka Mungu ampe heri. Yuko chini ya ulinzi na bado anaokoa mtoto wa mtu!

Ganda la Muwa
Alifungwa?

Mzee Kijana
Aliwekwa ndani miezi kadhaa, akatoka. Mama akanituma kwake na ile noti, tumeianika, tumeinyoosha, ni malipo ya kuni. Akaikataa. Mke wake akatokea nyuma akaichukua, akasema zile kuni zilikuwa zake, na tangu siku ile anapikia makuti.

Mlinzi wa Zamu
Huyo mama alikuwa na haki yake kabisa.

Ganda la Muwa
Leo tumekubaliana, @Mlinzi wa Zamu.

Tajiri wa Sumni
Nimeangalia picha mtandaoni. Sumni ina sungura. Sitaki maoni ya mtu.

Fundi Baiskeli
😎

Sijui Lini
Nje ya mada kidogo. Kuna anayejua pa kupata gwanji, ile sabuni ya zamani? Mama mkwe yupo kwangu wiki hii, anadai sabuni za siku hizi zina povu tupu, hazitoi uchafu.

Mama Wawili
Gwanji ilitoa uchafu, na ngozi ya mikono ikaondoka nayo. Mnunulie ya mche, mwambie ndiyo yenyewe.

bintiMakadara
Usimdanganye mkwe. Ataijua kwa harufu tu.

Kandambili
@Sijui Lini mtume kijana wangu akakutafutie. Anahitaji mazoezi.