Nakuru ni jiji, lakini usiku tunalindwa na afande mmoja na gari lisilo na mafuta

Wakuu, naomba niseme hili bila kuzunguka. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tukashangilia, ada za kaunti zikapanda, maghorofa yakaota kila kona. Polisi wa kutulinda hawakuongezeka kwa namna ambayo mtu wa mtaani anaweza kuiona. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1 katika kaunti hii, na tangu wakati huo watu wanazidi kuhamia. Nani amekaa chini akapiga hesabu ya askari wanaohitajika? Kama hesabu hiyo ipo, mbona hatuonyeshwi?

Juzi wezi walivunja duka la jirani yangu, mama anayeuza nafaka na kufanya kazi ya M-Pesa. Saa nane za usiku tulisikia bati liking'olewa. Tulipiga simu kituoni, ikapokelewa mara moja. Afande akasema yuko peke yake kwenye ripoti ofisi, mwenzake amempeleka mshukiwa hospitali, gari liko uani lakini halina mafuta. Tukamwambia tutamtumia boda boda. Akajibu, "Nikija huko, hawa walio ndani nitamwachia nani?"

Kulipopambazuka nilimsindikiza mama kuandikisha ripoti. Tulimkuta afande yuleyule, macho mekundu, funguo za seli zikining'inia kwenye mshipi. Kwenye benchi alikuwa amekaa dada mmoja, uso umevimba, anasubiri fomu ya P3, ile ya daktari kujaza majeraha ya aliyepigwa. Fomu zilikuwa zimeisha, akaambiwa atoe nakala dukani ng'ambo ya barabara. Mama yetu akaandikiwa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini. Wapelelezi walifika mchana kwa pikipiki. Nauli ya kuja na kurudi aliilipa mama aliyeibiwa.

Simlaumu yule afande hata kidogo, na sikitaji kituo kwa sababu najua atakayeadhibiwa ni yeye. Mtu amekesha peke yake na mahabusu, simu anayopigia wenzake ni yake, na salio ameweka mwenyewe. Nawalaumu wanaogawa askari na pesa.

Polisi wa Kenya si wa kaunti. Katiba iliweka huduma moja ya taifa chini ya Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi wote, kwa hiyo askari wangapi waje Nakuru na mafuta kiasi gani yawekwe kwenye gari la kituo, yote huamuliwa Nairobi. Gavana hawezi kuajiri hata konstebo mmoja. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilianzisha Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, gavana au mtu aliyemteua akiwa mwenyekiti, ili wananchi wawe na sauti kuhusu usalama wao. Miaka yote hii magavana wamelia kwamba mamlaka hiyo imebaki kwenye karatasi. Tukiwa na shida tunaenda kwa gavana, anasema usalama si kazi yake. Tukienda kwa kamanda, anasema hajaletewa bajeti.

Septemba 2022 Rais Ruto, siku ileile aliyoapishwa, alitangaza kwamba fedha za polisi zitaondolewa Ofisi ya Rais na kusimamiwa na Inspekta Jenerali mwenyewe. Niliunga mkono, na bado naona lilikuwa jambo jema. Lakini pesa zimetoka ofisi moja ya Nairobi zikaingia ofisi nyingine ya Nairobi. OCS, mkuu wa kituo wa huku, bado anasubiri mgao wa mafuta kutoka juu. Jopo la mageuzi ya polisi la Jaji Mkuu mstaafu Maraga lilizunguka nchi nzima na kukabidhi ripoti yake mwaka 2023, likieleza jinsi vituo vinavyonyimwa pesa na vifaa. Mnataka kuambiwa na nani tena?

Halafu hao wachache tulio nao huvutwa kila upande. Tuna Ikulu hapa mjini. Mkubwa akija, askari wanapangwa barabarani tangu alfajiri na vituo vinabaki vitupu. Tuna barabara kuu ya kwenda Eldoret, na ajali za Salgaa na Sachangwan mnazijua. Tumepakana na Baringo, na operesheni ya kupambana na majambazi Bonde la Ufa Kaskazini iliyoanza Februari 2023 ilihitaji watu. Gilgil kuna makao ya kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo, lakini hao si wa kuitwa duka linapovunjwa mtaani Rhonda. Waheshimiwa nao, kila mmoja na walinzi wake.

Tarehe 25 Juni 2024 kundi la kwanza la polisi wetu 400 lilitua Haiti. Siku hiyohiyo vijana waliandamana nchini kote kupinga Muswada wa Fedha, hapa Nakuru wakiwemo, na siku hiyo hatukusikia polisi wamekosa mafuta wala mabomu ya machozi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Uwezo upo wakati serikali inaogopa. Raia akiogopa usiku, hakuna mafuta.

Jambo lingine halisemwi sana. Tangu mageuzi ya 2018, askari wengi wamepewa marupurupu ya nyumba na kwenda kupanga mitaani. Sina ubishi na hilo, nyumba zile za line, yaani za kambi ya polisi, zilikuwa aibu, familia mbili zikitenganishwa kwa shuka. Lakini zamani OCS akihitaji watu usiku aliwagongea milango palepale kambini. Leo mmoja anaishi Kiamunyi, mwingine Free Area, na gari la kuwakusanya ndilo hilo lisilo na mafuta. Waliobadilisha mpango walipaswa kuongeza watu wa zamu ya usiku na magari. Hawakufanya hivyo.

Usajili wenyewe wa polisi wapya ulikwama mahakamani mwaka 2025 kwa sababu Tume ya Huduma ya Polisi na Inspekta Jenerali waling'ang'ania nani mwenye haki ya kuajiri. Hatimaye makurutu 10,000 wakachukuliwa Novemba. Wangapi ni wa Nakuru? Watapelekwa vituo gani? Nimeuliza, nikajibiwa ni siri ya usalama. Siombi kujua nani yuko zamu saa ngapi. Naomba idadi ya askari waliotengewa kila kituo na lita za mafuta kwa mwezi. Mwizi tayari anajua afande yuko peke yake, ndiyo maana alikuja saa nane.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Naandika barua rasmi wiki hii, nakala kwa mbunge wetu na kwa Kamati ya Usalama ya Bunge. Anayetaka kutia sahihi aniandikie faragha. Na ninyi wa Njoro, Molo, Kuresoi, Naivasha, hata Kisumu na Kakamega, andikeni hapa chini: usiku kituo chenu kina askari wangapi, na mafuta ya gari huwa analipa nani?