Mjadala: The Blue Hearts, tuanze na mkusanyiko au albamu?

Mleta mada
The Blue Hearts, bendi ya panki ya Tokyo, ilianza 1985 ikavunjika 1995. Kila anayeulizia pa kuanzia anaambiwa anunue mkusanyiko wa nyimbo zao bora. Napinga. Albamu ya kwanza, ya 1987, ina nyimbo 12 na "Linda Linda" ndiyo inayofunga. Unafika hapo masikio yameshazoea vurugu, mara Hiroto Komoto anaimba taratibu, gitaa chini chini, anatamani uzuri wa panya wa mtaroni. Kisha ngoma zinalipuka. Ukiubandika wimbo huo katikati ya singo nyingine, ule mlipuko unapotea.

Santuri33
Na "Hito ni Yasashiku" utaipata wapi? Ilitoka kama singo mapema 1987, kabla bendi haijasaini na lebo kubwa, na haimo kwenye albamu yoyote ya studio. Bila mkusanyiko uisake singo yenyewe, na mfuko uwe mzito. Hapo hoja yako inachechemea.

Mzee wa Kaseti
Swali ni mkusanyiko upi. Albamu tatu za mwanzo, 1987 hadi 1988, ni za lebo ya Meldac. Kuanzia 1990 walikuwa lebo ya East West. Ndiyo maana 1995 ilitoka "Super Best" yenye nyimbo za Meldac, na "East West Side Story" yenye za upande wa pili. Anayenunua moja akidhani kaipata bendi nzima kaambulia nusu. Soma nyuma ya jalada: tafuta "Train-Train" (1988) na "Jonetsu no Bara" (1990). Zikiwemo zote mbili, mkusanyiko umevuka lebo, kama ule wa singo wa 2010. Ikiwemo moja tu, ujue umeshika kipande.

Fundi Spika
Mnasahau sauti. Matoleo mapya mara nyingi hupandishwa ukubwa wa sauti, basi ukilinganisha bila kusawazisha volyumu, lenye kelele zaidi litashinda hata kama ni baya. Punguza lile jipya kwanza mpaka uimbaji ulingane, ndipo usikilize. Kipimo changu ni mwanzo wa "Linda Linda" huo huo: gitaa la utangulizi likikaribia ukubwa wa ngoma zinazofuata, wimbo umebanwa kupita kiasi, yaani tofauti ya sauti ndogo na kubwa imefutwa. Tena singo na albamu huweza kuwa rekodi mbili tofauti, kwa hiyo linganisha dakika na sekunde kabla ya kulaumu mitambo.

Santuri33
Kuna na suala la nani anachagua "bora". Mwaka 1988 "Chernobyl", wimbo wenye jina la mahali pa ajali ya kinu cha nyuklia, ilibidi waitoe wenyewe, nje ya Meldac, kwa kuwa lebo hiyo ilifungamana na Mitsubishi, na Mitsubishi ina mkono katika nyuklia. Lebo iliyokataa kuutoa wimbo haiwezi kuwa mwamuzi pekee wa bendi hiyo.

Mleta mada
Basi umenisaidia mimi, maana hiyo inaupiga mkusanyiko zaidi kuliko albamu! Ila kwa "Hito ni Yasashiku" nimekubali. Nabadili ushauri: albamu ya 1987 kwanza, mfululizo, bila kuruka wimbo; kisha mkusanyiko unaovuka lebo zote mbili.

Mzee wa Kaseti
Kwa mpangilio huo sina ubishi. Ila "Super Best" msimuuzie mtu mkamwambia ndiyo yote.